Mwaka wa Viingereza Viwili

Mpwa wake Kusum alikuja na gari mpaka mlangoni kwangu Ilala, akaniamkia, akasema shangazi yake amefika kutoka Marekani na ameagiza nisikose. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya nusu ya maisha yetu. Nilimkuta Upanga, ghorofa ya tatu, amekaa karibu na dirisha na shali mabegani ingawa joto lilikuwa lile letu la mwezi wa pili, nywele zimekuwa nyeupe zote, macho yaleyale. Mpwa alikuwa akiomba radhi kwamba lifti ni mbovu na mzee kama mimi nimepandishwa ngazi. Kusum akamkemea kidogo kwa Kiingereza, na katika kumkemea akaitaja lifti kwa jina la Wamarekani, elevator, kama mtu aliyezaliwa nalo. Kisha akasita, akanitazama. Tukaanza kucheka, tukacheka mpaka mpwa akabaki amesimama na sinia la chai hajui amekosea nini. "Usijali," Kusum akamwambia. "Mimi na bwana huyu tulifanya kazi katika chumba kidogo kuliko kabati lako, na neno dogo kama hilo nusura litufukuzishe kazi."

Kijana akaomba asimuliwe, nasi tukamsimulia kwa zamu, tukibishana njia nzima. Hapa nitausimulia mwaka ule peke yangu, nisibishiwe. Nilivyotoka Lindi na nilivyosoma ni habari ndefu, na haihitajiki. Nianzie kwenye chumba nilichopanga Kariakoo, katika nyumba ya Bi. Mwanahawa, mjane kutoka Unguja. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na ua nyuma ambako kulikuwa na jiko, choo na mtungi wa maji. Chumba changu kilikuwa cha mwisho upande wa kushoto, kitanda cha kamba, sanduku, na dirisha dogo lililoingiza moshi wa kuni na maneno ya watu. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na maandazi mawili, nikavaa shati nililolipiga pasi ya mkaa mwenyewe, nikakata Mnazi Mmoja kwa miguu kuelekea mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na wasiwasi na kitu chochote. Nikikumbuka namna nilivyotembea siku zile, kifua mbele kama mwenye mji, naona haya kidogo, lakini pia namwonea wivu yule kijana.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu katika hoteli moja karibu na bandari, ambayo leo haipo. Wageni wake walikuwa Wazungu watupu. Sisi wengine tuliingia kwa mlango wa nyuma, tukapita jikoni, na chini ya ngazi kubwa ndipo kilipokuwa chumba cha simu: ubao wenye matundu, waya zenye vichwa vya shaba, viti viwili, na ukuta uliotoa jasho. Kusum alikuwa amenitangulia kazini miaka miwili, na ndiye aliyenifundisha. Nilimwita Kusumben, kwa kuwa hiyo ndiyo adabu ya Kigujarati, "ben" ni dada. Mchana alifungua mkebe wake wa chakula wa ngazi tatu, akanigawia chapati nyembamba zenye majani ya uwatu na achari ya ndimu, nami siku nyingine nilimletea kipande cha muhogo wa nazi, alichokula akiwa ameugeuzia mlango mgongo kwa sababu mama yake asingependa. Alinifundisha sauti: polepole, bila kupanda wala kushuka. Alinifundisha na maneno yaliyowekwa na hoteli, ambayo hatukuruhusiwa kuyabadilisha. Mgeni akiomba simu, unasema hivi. Laini ikiwa na watu, unasema hivi. Na ukishamuunganisha na mtu anayemtaka, unasema, "You are through, sir," yaani umepata, bwana, zungumza. Niliyajua maneno yale kama ninavyojua kutia udhu.

Wakati huo niliamini kwamba Kiingereza ni kimoja. Walimu wangu walikuwa Waingereza, vitabu vilikuwa vyao, redio ilikuwa yao, na meneja wetu, Bwana Whitlock, alikisema kana kwamba kila neno limepigwa pasi kwanza. Kisha akaja Bwana Tolliver. Alikuwa Mmarekani, mtaalamu wa miamba, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, na kampuni yake ilimpangia chumba kwa miezi mingi. Siku ya kwanza aliomba biskuti za moto na mchuzi kwa kifungua kinywa. Jikoni wakapasha moto biskuti za kopo, zile ngumu za kuchovya kwenye chai, wakampelekea na bakuli la mchuzi wa nyama. Alizitazama kwa muda, akazila. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao hilo ni jina la mkate mdogo laini. Siku nyingine alimwagiza dereva amngoje ghorofa ya kwanza, dereva akapanda ngazi na kusimama ukumbini juu, na Bwana Tolliver akasimama chini mlangoni, kila mmoja akimlaani mwenzake kwa kuchelewa. Kwa Wamarekani ghorofa ya kwanza ni ile unayoingilia kutoka barabarani. Mimi na Kusum tulikuwa tukikusanya vituko hivi na kusimuliana mchana juu ya chapati. Kwetu vilikuwa burudani. Tulidhani Kiingereza chake kina kasoro, na kwamba anakijua vibaya kama Mreno au Mgiriki anavyoweza kukijua vibaya.

Aliyeanza kunitia shaka ni Bi. Mwanahawa, bila kukusudia. Jioni moja nilikuwa chumbani nimelala chali kabla ya chakula, nikawasikia uani yeye na mpangaji mmoja, mke wa mpagazi wa bandarini, wanabishana. Bi. Mwanahawa alikuwa amemwagiza sokoni tungule na mbatata. Yule mama, mtu wa Masasi, amerudi na bamia, kwa kuwa muuza mboga naye hakuelewa, wakakisia wote wawili. Bi. Mwanahawa akasema kwa upole wa kuudhi kwamba kama mtu hajui tungule, basi Kiswahili chake ni cha shamba. Yule mama akajibu kwamba yeye anajua nyanya na viazi, soko zima linajua nyanya na viazi, na kama Unguja wana majina mengine wangekuja na soko lao. Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa papa usiokuwa na nyanya, na wao hawakusemeshana mpaka vyombo vikaoshwa. Nilikula nikicheka moyoni. Lakini niliwaza vilevile kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anakijua Kiswahili vibaya.

Mke wa Bwana Tolliver alikuwa Nairobi na binti yao, Ruthi, aliyekuwa na miaka tisa na alikuwa akisoma huko. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka juu ya ukuta wa shule na kuvunjika mguu, mfupa ukatoboa ngozi, na kwa wiki kadhaa Bwana Tolliver alipopita karibu na chumba chetu kuomba simu alitupa habari zake: anaendelea vizuri, anachoka kulala, anataka paka. Kisha asubuhi moja ilikuja telegramu. Kidonda kilikuwa kimeoza. Madaktari walitaka kuukata mguu chini ya goti, walimtaka mama atie sahihi ya ruhusa, na mama hakutaka kuamua peke yake. Bwana Tolliver aliniletea mwenyewe ombi la simu ya Nairobi. Hakunisalimia, na si desturi yake. Nikaiandikisha Posta, ambako simu zote za mbali zilipitia, wakasema foleni ni ndefu, nikamwambia apumzike chumbani, nitampigia.

Laini ilipatikana baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hoteli nzima husinzia. Kusum alikuwa ametoka kunawa. Posta wakasema Nairobi yuko kwenye waya. Nikachomeka, nikasema kwa sauti niliyofundishwa, "You are through, sir." Kisha nikasikia sauti yake, "What? I am not through." Akarudia kwa nguvu. Basi nikaelewa kwamba hajapata. Tulikuwa na kanuni kwamba mgeni akisema hajapata, usimwache kwenye waya uliokufa, ng'oa haraka, uwaulize Posta. Nilipong'oa, Posta wakaniambia waya ulikuwa mzima kabisa na sasa wameshampa mtu mwingine. Niliwabembeleza. Baada ya muda wakanirudishia Nairobi. Safari hii nilitamka kwa uangalifu zaidi, nikapandisha sauti, nikasema mara mbili: you are through, sir, you are through. Akapiga kelele kitu ambacho sitakiandika, na katika kelele zile nikasikia tena yale maneno, hajapata. Nikang'oa. Mara nikasikia viatu vyake kwenye ngazi juu ya kichwa changu.

Aliujaza mlango. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, na nyuma yake, ukumbini, wageni walikuwa wamesimama kutazama. Kusum, aliyekuwa amerudi na mikono iliyolowa, alibanwa nje kwenye ujia. Tulipokutana Upanga, mwaka juzi, alidai kwamba mimi nilikuwa natetemeka. Sikutetemeka. Nilikuwa nimesimama, na nilijua kwamba nimefanya kazi yangu sawasawa, na mtu akijua hivyo miguu yake huwa na nguvu.

"Kwa nini unanikatisha?" aliniuliza.

Nikamwambia sijamkatisha, ni yeye aliyesema mara zote mbili kwamba hajapata.

"Sijasema sijapata. Nimesema sijamaliza. Wewe ndiye unayeniambia nimemaliza, na sijasema hata neno moja na mke wangu."

Ndipo yakanijia yale mabishano ya uani, nyanya na tungule. Nikamuuliza, kwa heshima na kwa Kiingereza kilekile cha Bwana Whitlock, kwamba kwao Marekani mtu akiambiwa "through" ameambiwa nini. Akanitazama kama mwendawazimu. Akasema ameambiwa amemaliza, yamekwisha, ingewezaje kuwa na maana nyingine. Nikamwambia hapa kwetu maana yake ni kwamba ameunganishwa, azungumze. Hasira ikamtoka yote kwa mara moja, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kukitazama. Akasema taratibu, "Basi na Martha amesikia hivyohivyo." Mkewe naye alikuwa Mmarekani. Kule Nairobi, mara mbili, alikuwa amenyanyua simu, akasikia sauti ya mtu asiyemjua inasema yamekwisha, akasikia mumewe anapiga kelele, kisha kimya.

Nilikaa nikawapigia Posta. Opereta wa siku ile alikuwa mama Mgoa ambaye tulijuana kwa sauti tu. Alisema foleni ni foleni. Kusum akampita Bwana Tolliver chini ya mkono, akanivua visikilizio, akavivaa yeye. Hakulalamika wala kuomba. Alimweleza yule mama habari ya mtoto, kitanda, daktari anayengoja, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Tukangoja. Kisha akasema, "Ametupa laini. Amemwomba anayefuata asubiri, naye amekubali." Sikujua hata siku moja ni nani yule aliyekubali. Tulimkalisha Bwana Tolliver kwenye kiti changu, magoti yakagusa ubao, tukampa visikilizio vya akiba. Nairobi ilipoingia nilisikia mwanamke anapumua. Nikayaacha maneno ya hoteli. Nilimwambia kwa Kiingereza chepesi kuliko vyote nilivyovijua, "Zungumza, mama. Mume wako yuko hapa, anakusikia."

Nilivua visikilizio vyangu, lakini chumba kile hakikuwa na mahali pa kujificha. Nilimsikia akimwambia mara nyingi kwamba si yeye aliyekata. Nilimsikia akiuliza kama daktari yupo karibu, akizungumza naye, akiuliza swali moja kwa namna tatu. Halafu akaweka kiganja juu ya meza kana kwamba anaizuia isiondoke, akasema, "Mpasueni tena kwanza. Kesho nitakuwa hapo. Mguu msiukate leo." Alipomaliza hakusema kwamba amemaliza. Alinigusa bega akatoka, na kesho yake asubuhi akapanda ndege.

Bwana Whitlock alituita siku iliyofuata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yakae yalipowekwa, na ukumbi wake ulikuwa umepigiwa kelele mbele ya wageni. Alisema maneno ya hoteli ni sahihi, hivyo kosa la maneno ni la Mmarekani. Lakini kumruhusu mgeni kuingia chumba cha simu ni kosa letu, na kubuni maneno yangu mwenyewe ni kosa langu, na alitaka niombe radhi kwa yote. Nilimjibu kwamba maneno ni sahihi na mgeni hakuyaelewa, na mambo hayo mawili yote ni kweli kwa pamoja, na kwa hiyo siwezi kuomba radhi. Leo nikiwasimulia wajukuu wanaona ni jambo dogo. Wakati ule kijana Mwafrika hakumwambia meneja wake "siwezi". Akaegemea kiti, akasema, si kwa ukali, "Kiingereza ni cha Waingereza, Issa."

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Lakini simu ni ya anayeipiga."

Kusum akakohoa. Akasema kwamba tangu asubuhi amekuwa akimwambia kila mgeni, Mwingereza kwa asiyekuwa Mwingereza, azungumze, anasikilizwa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Akaongeza kwamba kama maneno hayo yanafukuzisha kazi, basi tufukuzwe sote wawili, ili mwenye kuyasema mara nyingi zaidi asionewe huruma. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu namna hiyo mbele ya meneja. Bwana Whitlock aliturudisha kazini bila kusema ameamua nini. Kabla ya saa sita taa ya ofisi yake ikawaka kwenye ubao. Aliomba nyumbani kwake. Nikaunganisha, nikasema, "Zungumza, bwana, bibi anakusikiliza." Kisha nikamsikia anamuuliza mkewe kuhusu chakula cha jioni, swali ambalo, kwa nilivyowajua, hakuwahi kumuuliza katika saa za kazi. Nikavua visikilizio. Hakutuita tena, na yale maneno ya zamani hayakurudi katika chumba chetu.

Tulipofika hapo, kule Upanga, mpwa wake Kusum akauliza kama tulikuwa hatuogopi. Kusum akasema yeye aliogopa sana, na ndiyo maana alisema maneno mengi. Mimi nikasema sikuogopa, akanitupia jicho. Labda ana haki. Ninachokumbuka ni kwamba mpaka siku ile nilikiona Kiingereza kama nyumba ya watu ambayo nimeruhusiwa kuingia nikiwa nimevua viatu. Kuanzia siku ile nilijua kwamba wenye nyumba wenyewe hawakubaliani wapi pana mlango, na kwamba mtu anayesimama katikati yao, akisikiliza vizuri, ana kazi ya kufanya. Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote: Posta, kisha mahakamani nikitafsiri, kisha kwenye mikutano ya watu wakubwa. Kila mara nimemuuliza mtu amesikia nini kabla ya kumwambia amekosea.

Masika yalipoanza, Bwana Tolliver alirudi kufunga mizigo, na mkewe na mtoto wakaja naye. Sikuwaona wakiingia. Nilikuwa ubaoni nilipomsikia mwanamke anauliza kwenye ujia wa jikoni, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kukanyaga, kwamba Issa ni nani. Nikasimama. Alikuwa mwembamba, amevaa kofia iliyolowa mvua, na hakunipa mkono mara moja, alinitazama kwanza.

"Mara mbili niliambiwa yamekwisha," alisema. "Nikadhani ndilo jibu la mume wangu, kwamba wakate. Niliweka simu chini nikaenda kuomba kalamu. Nilikuwa naishika, karatasi ya daktari iko mbele yangu, simu ilipolia tena."

Kusum alishika mkono wake, nami nikaushika baada yake. Mtoto alikuwa amechoka na maneno ya watu wazima. Alitupita akichechemea, fimbo mkono mmoja, vyuma vya kushikilia mguu vikilia juu ya sakafu ya saruji, akapanda kwenye kiti changu, akauliza kila waya unakwenda wapi. Nikainama kumwonyesha. Ili afikie ubao ilimbidi asogee mbele, akaukunja ule mguu kwa mikono yake miwili, polepole, uso umekunjamana kwa uchungu, akauingiza chini ya meza pamoja na ule mzima.